Neno Lililombakia Dada

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeingia kabla ya siku zake na karakana yangu imejaa maji. Feni za watu zinaelea kama bata. Nimefunga mlango, nimebeba begi, nimehamia kwa dada. Majirani watasema nimekimbia mafuriko. Waseme. Ukweli ni kwamba nimeitwa. Mpwa wangu, binti wa dada, alinipigia simu akasema, "Mjomba, mama ametoka hospitali. Kiwandani hawanipi ruhusa tena. Njoo ukae naye mchana." Angemwita nani mwingine? Kaka yake yuko mbali, na hata angekuwa mlango wa pili, yule hawezi kuuguza hata kuku.

Naandika kwenye kitabu cha tarehe cha zamani nilichokikuta kabatini mwa dada. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirisha. Lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupeleka ofisini wakubwa waushangae.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwona vizuri leo kwa mwanga. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, na kimemchukua maneno. Kimemwachia moja tu, tena la Kiingereza: holdi.

Wasiomjua wanashangaa. Mimi sishangai. Dada alikaa kwenye swichibodi ya kiwanda cha nguo tangu akiwa msichana hadi alipostaafu. Simu yoyote iliyoingia kiwandani ilipita mikononi mwake. Anasema "Holdi," yaani usikate, nakuunganisha, kisha anachukua waya wenye ncha ya shaba na kuuchomeka kwenye tundu la ofisi inayotakiwa. Alikuwa mkali. Akishakwambia holdi, unanyamaza. Ukiendelea kubwabwaja anakukata, uwe meneja, uwe mke wa meneja. Mimi mdogo wake wa damu alinikata mara zisizo na hesabu.

Sasa anasemea kila kitu kwa neno hilo. Chai, holdi. Akicheka, holdi. Akilia, holdi.

Nesi wa zahanati alipita, koti lake linachuruzika maji. Akatuambia mimi na mpwa wangu, "Kiharusi chenyewe hakimuui tena. Kinachoua wagonjwa hawa ni kukaa mahali pamoja. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, huku na huku. Kitini asikae sana. Mkiona ngozi imebadilika rangi, mniite siku hiyohiyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, niliwahi kumuuguza tajiri mmoja aliyeanguka kwenye ngazi za ndege, miezi sita, mimi na yeye tu.

"Na huyo tajiri yuko wapi sasa, baba?"

"Alikufa. Lakini kwa uzee."

Nesi akafunga vifungo vya koti. Mpwa wangu akaangalia sakafu, nadhani alikuwa anacheka.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Uji ameukataa. Holdi.

Alhamisi, 14 Machi

Chini ya baraza la nyumba hii kuna fundi viatu. Ananiita Injinia, na si kwa heshima. Leo nimemkuta amegandisha soli kwa gundi, juu yake ameweka kitabu kinene kama tofali. Nikatazama: kamusi ya Kiingereza na Kiswahili.

"Niazime hiyo."

"Ukiichukua soli itabanduka."

"Weka jiwe. Nina mgonjwa anayezungumza Kiingereza, na mimi ndiye mkalimani wake."

"Wewe? Kiingereza chako si kile cha kuomba njia?"

Nikamwambia Kiingereza changu kiliwahi kushusha ndege. Rubani alikuwa hewani, redio imekufa, mimi nikiwa chini nikamwelekeza namna ya kuiunga kwa kijiko.

"Redio imekufa," akasema, "sasa alikusikiaje?"

Mtu wa viatu hawezi kuelewa mambo ya anga. Lakini kamusi alinipa.

Jumapili, 17 Machi

Mpwa wangu yuko nyumbani leo. Tumekaa mezani na kamusi, dada kitini pake. Nilidhani holdi ni neno la mstari mmoja. Limekula ukurasa mzima na kumwagikia wa pili. Ni kushika. Ni kungoja. Ni kuzuia. Ni kubeba uzito usianguke. Ni kufanya kikao. Ni kuamini jambo. Ni kudumu, kama vile hali ya hewa ikidumu. Ni ngome. Ni kile chumba cha chini melini wanakoweka mizigo.

"Neno moja, mjomba?"

"Moja. Ndiyo maana mama yako hakuhitaji mengine. Mwenye hilo ana nyumba nzima ya maneno."

Nimeeleza utaratibu. Akisema holdi, natazama uso, natazama mkono, napitia maana zangu, nachagua. Jioni kaka mtu akapiga simu. Mpwa wangu akaweka simu sikioni mwa mama yake. Dada akasema holdi mara mbili. Nikachukua simu nikamtafsiria: anakusalimu, anasema ushike dini, uzuie hasira na usimwangushe mkeo. Kijana akalia kabisa. Akasema, "Mjomba, Mungu akubariki, bila wewe tungejuaje."

Dada aliniangalia kwa jicho moja, lile zima. Nikaona ni shukrani.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja. Nimeliziba kwa ustadi, sasa linavuja pengine.

Jumatatu, 25 Machi

Nimebuni jambo. Kitandani dada anatazama dari, na dari haina habari. Sasa mpwa wangu akitoka tu asubuhi namkalisha kitini mbele ya dirisha, nafunga khanga kiunoni asiteleze, naketi kumkabili, nampa hadithi mpaka binti arudi. Nimemsimulia ya ndege, ya chui aliyeingia karakana akalalia feni, ya jinsi nilivyokataa kwenda Ulaya kwa sababu waliniletea tiketi ya dirishani.

Kila nikifika mahali patamu anasema, "Holdi."

Nampa mkono ashike. "Holdi." Basi ni ngoja, namwachia kidogo, naendelea. "Holdi, holdi." Hapo najua ni dumu, yaani endelea hivyohivyo. Tangu utotoni alikuwa anapenda hadithi zangu. Mama alikuwa akinichapa kwa uongo, dada ndiye aliyesimama katikati akisema, "Mwache mama, si uongo, ni ukweli haujakua."

Leo mwishoni alifumba macho. Nikapunguza sauti, lakini hadithi niliimaliza.

Ijumaa, 29 Machi

Mpwa wangu alipomwogesha jioni aliniita mlangoni. Hakunitazama usoni. Alikuwa amechoka, bado ana nyuzi za kiwandani kichwani.

"Mjomba, mama ana alama nyekundu huku chini mgongoni. Kama sarafu. Nesi alisema ngozi ikibadilika rangi..."

"Alama ya kiti hiyo. Tajiri wangu alikuwa nazo tele. Mpake poda."

"Unamgeuza mchana?"

"Nimgeuze ya nini? Namketisha. Kukaa ni bora kuliko kulala, hata mtoto anajua."

"Niombe ruhusa kesho nimpeleke zahanati?"

"Kwenye mvua hii? Umuue kwa baridi? Nimekwambia nimeona wengi."

Akampaka poda.

Baadaye kidogo nesi akapiga simu. Daraja limefunikwa na maji, hawezi kuvuka wiki hii. Mgonjwa anaendeleaje? Nikamwambia mgonjwa yuko imara na anapata mazungumzo ambayo hospitali hawana.

Jumatano, 3 Aprili

Siku mbaya. Nilipomketisha tu akaanza. Holdi, holdi, holdi, na machozi. Nikampa mkono, akautupa. Nikampa maji, akakipiga kikombe kwa ule mkono mzima kikavunjikia ukutani. Nikafungua kamusi nikaanza juu. Kushika? Ushike nini? Kungoja? Unamngoja nani? Kubeba? Nikanyanyua mto, nikanyanyua blanketi, nikanyanyua hadi redio. Kila nikiuliza anaanza upya, na mimi nauliza tena kabla hajamaliza, tukawa kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja.

Mwisho nikamfokea. Nilisema, "Dada, nisaidie basi. Neno ni lako."

Alinyamaza mchana wote. Nimeanza kuona ugonjwa umemfanya mkaidi. Zamani hakuwa hivi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Sikumsimulia kitu. Nimemnunia, naye kaninunia.

Jumanne, 9 Aprili

Chumba kina harufu. Mpwa wangu anasema ni harufu ya kitu kibovu. Nikamwambia ni godoro, mvua ya mwezi mzima godoro gani litanukia vizuri? Nikafungua dirisha, upepo ukaingia na maji, nikakaa palepale na shati bichi nikimsimulia ya mamba.

Fundi viatu aliponiona nakohoa akasema, "Injinia, pumzisha koo. Debe tupu nalo huchoka kuvuma." Nikamjibu. Jibu lilikuwa zuri lakini kikohozi kililikata katikati.

Ijumaa, 12 Aprili

Sauti imekwenda. Nafungua mdomo unatoka upepo. Mpwa wangu kanichemshia maji ya chumvi. Kasema, "Leo utamsimulia kwa vidole, mjomba." Alicheka mara ya kwanza tangu nije.

Jumatatu, 15 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi nilimketisha kama kawaida. Nikaketi kumkabili. Sina sauti hata ya kunong'ona. Mvua imepigilia bati kwa namna ya kuchosha, mtu akitaka kusikia kitu hasikii. Tukatazamana.

Akasema, "Holdi."

Ningekuwa na sauti ningesema, "Nini dada, mkono?" Au ningerudi kwenye mamba. Sikuwa nayo. Hata kamusi sikuifungua, ilikuwa chumba cha pili na miguu ilikuwa mizito kwa homa. Nikakaa tu.

Muda ukapita. Nilidhani amesahau. Uso wake ulikuwa unafanya kazi, paji limekunjana, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani kwenye mkoba mkubwa. Nikataka kumsaidia, nikafungua mdomo, ukatoka upepo, nikaufunga. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka mapajani. Taratibu sana. Ukaenda pembeni, vidole vitatu vimebana pamoja kama vimeshika kitu chembamba. Ukavuka mbele ya kifua, ukapotea, ukarudi, ukatafuta. Nikaujua ule mkono. Nilipokuwa kijana nilikwenda kumwangalia kazini, nikasimama nyuma ya kioo. Ndivyo alivyoshika waya. Ndivyo alivyotafuta tundu.

Mkono ukazunguka nyuma yake, chini, mpaka pale khanga ilipofungwa. Vidole vikachomeka hapo. Akanitazama.

Hakuwa anasema shika, wala zuia, wala endelea. Alikuwa anasema alichosema maisha yake yote: usikate, nakuunganisha. Alihitaji muda tu wa kuufikisha mkono. Na kila mara akiwa katikati ya safari, mimi naongea, naye analazimika kuanza upya. Mwezi mzima nimemkata mimi.

Nikafungua khanga. Nikamwinamisha kifuani kwangu nikainua nguo. Poda ilikuwa imegandamana na kitu chenye maji. Chini yake hapakuwa na alama kama sarafu. Palikuwa na shimo. Kiganja changu kingeweza kulifunika lakini sikuthubutu. Ile harufu haikuwa ya godoro.

Nilitaka kupiga kelele kuita watu. Sauti sina. Nikamlaza kwa ubavu, nikashuka ngazi, nikamshika fundi viatu shati. Alidhani nafanya mzaha. Alicheka, akasema, "Leo mamba amekula ulimi?" Kisha akaniona uso. Akaacha kiatu cha mtu na sindano ndani yake, akapanda.

Jumanne, 16 Aprili

Nesi alivuka daraja kwa miguu, maji magotini. Alifunua kidonda. Alikisafisha, na dada akasema holdi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Hapo hapakuwa na kamusi.

Nesi aliponawa mikono akatuambia kimefika kwenye mfupa, na huenda sumu imeshaingia kwenye damu. Hospitali, leo.

"Kilianza lini?"

Mpwa wangu akasema, "Niliona wekundu mwisho wa mwezi uliopita."

"Mbona hamkuniita?"

Hakunitaja. Alikunja kitambaa. Afadhali angenitaja.

Ijumaa, 19 Aprili

Wodini. Sauti imeanza kurudi, ya kukwaruza. Tulikuwa ukumbini, mpwa wangu amekaa kwenye benchi na sare yake ya kazi. Nikasema nataka kumwambia kitu. Akasema, "Mjomba, ulisema umeuguza tajiri."

Nikamwambia hapakuwa na tajiri.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha. "Najua. Tangu mdogo najua hapakuwa na ndege, wala chui. Nilikuwa nazipenda. Lakini hii ya tajiri nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nimechoka sana, nikataka pawe na mtu anayejua."

Akaenda kazini. Basi lake lilikuwa limechelewa, alisimama kwenye mvua bila mwavuli, nami nikamtazama toka dirishani, mwavuli uko mkononi mwangu.

Jumanne, 23 Aprili

Sasa najua kungoja. Anasema holdi, nanyamaza. Mkono unaanza safari. Juzi ulikwenda kwenye mto, nikaugeuza upande wa baridi. Jana ulielekea dirishani, nikavuta pazia, akatazama mvua mpaka akasinzia. Wauguzi wanapita haraka, wanamwambia, "Bibi unasemaje?" nao wameshaondoka. Nawaambia ngojeni. Wana wagonjwa wengine.

Leo mkono ulikuja kwangu. Ukapapasa shavu, ukafika mdomoni, vidole vitatu vikatua kwenye midomo. Sikujua anataka nizungumze au ninyamaze. Nikangoja anionyeshe. Mkono ukachoka ukaanguka.

Jumapili, 28 Aprili

Dada ana homa.

Alhamisi, 2 Mei

Homa haishuki. Daktari alisema na mimi na mpwa wangu pembeni, kwa Kiswahili cha kawaida ambacho hakikuhitaji mkalimani. Kaka mtu amepigiwa simu. Aliuliza, "Mama anasema nini, mjomba?" Alikuwa anangoja nimpe ya dini na ya mkewe. Nikamwambia sijui mama yako anasema nini. Na siku ile pia sikujua. Nilisikia anavyopumua kwenye simu. Kisha akaniambia sikupaswa kumwambia hilo leo.

Huenda ni kweli. Hata ukweli wangu nautoa siku mbaya.

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi mvua ilikatika. Kimya cha bati kilinishtua. Dada alikuwa amefumbua macho, lile zima na lile lingine pia. Mpwa wangu alikwenda kuchukua maji ya kumpangusia.

Akasema, "Holdi." Kidogo sana, kama kutoka mwisho wa waya mrefu.

Nikanyamaza. Nikausogeza mkono wake wa kushoto juu ya shuka ili usizuiwe na kitu. Vidole vikabanana. Mkono ukainuka kidogo, ukatulia hewani, ukashuka. Nikasema moyoni anapumzika, ataanza tena. Nilishamkata vya kutosha, leo simkati. Uso wake ulikuwa umekunjana vilevile, unatafuta, kisha mikunjo ikaanza kulegea mmoja mmoja. Nikajua amelipata alilokuwa analitafuta, sasa atanionyesha.

Mpwa wangu aliingia na beseni. Akasimama. Akaweka beseni chini.

"Mjomba."

Nikamwinulia kidole anyamaze.

"Mjomba, mama ameshakwenda."

"Ngoja," nikamwambia. "Amesema nisikate."

Alikuja akakaa ubavuni mwangu. Hakunibishia. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja na kulivuta lile shuka.

Alhamisi, 9 Mei

Jua. Nimerudi karakana. Matope yamekauka sakafuni, feni zina kutu. Mpwa wangu amenisindikiza hadi mlango wa nyumba yao. Sijui kama ataniita tena. Alinipa kitabu hiki, alidhani ni cha kwangu.

Njiani nilimrudishia fundi viatu kamusi yake. Aliipangusa, akaiweka juu ya soli. Akavuta kigoda cha wateja, nikakaa.

"Pole, Injinia. Wanasema ulikuwa naye mwisho. Wanasema alikuachia neno."

Nikasema ndiyo.

"Lilimaanisha nini?"

Watu wawili waliokuwa wanangoja viatu vyao wakageuka kunisikiliza. Fundi alikuwa na nyundo mkononi. Alidhani sitakawia kuanza, akaiweka chini kabisa ili asikie vizuri, akangoja.